Mita 10 katika miamba ya Medes: je, anayeanza kuzamia atakuwa salama?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninasoma Barcelona. Wenzangu wamenialika kuzamia katika visiwa vya Medes, karibu na pwani ya Hispania, mwezi Agosti, tusizidi mita 10. Ninajua kuogelea, ila sijawahi kupumua kwa mtungi. Je, kina hicho ni salama, na hewa itanitosha kwa muda gani?

Jibu: Ndugu msomaji, kina hicho kinamfaa anayeanza, mradi ushuke na mkufunzi mwenye leseni, lakini usikidharau. Juu ya maji mgandamizo ni baa 1, na kwenye mita 10 tayari ni baa 2. Ili uongezeke maradufu tena ingekubidi ufike mita 30. Ndiyo maana masikio huumia zaidi katika mita za mwanzo. Bana pua na upulize taratibu kabla hujahisi maumivu, na masikio yakikataa kufunguka, panda kidogo ujaribu tena bila kulazimisha. Mwenye mafua asizamie siku hiyo.

Wakati wa kupanda, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutozuia pumzi hata mara moja, kwa kuwa hewa iliyo mapafuni kwenye mita 10 hutanuka mara mbili ifikapo juu, na inaweza kuyachana mapafu. Panda polepole huku ukipumua kama kawaida.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 hubeba takriban lita 2,400 za hewa. Ukiacha akiba ya baa 50, hubaki lita 1,800. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu hutumia 40 akiwa mita 10, kwa kuwa mgandamizo ni maradufu, hivyo lita 1,800 zitamtosha dakika 45. Lakini hofu na baridi huharakisha pumzi, kwa hiyo panga dakika 30 na utazame geji mara kwa mara.

Tofauti na Tanga, huko maji kujaa na kupwa ni kudogo mno. Kinachosumbua ni upepo wa kaskazini, Tramuntana. Ukivuma kwa nguvu, ahirisheni safari. Vaa suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 5, kwani hata Agosti unaweza kukuta tabaka la maji baridi chini ya yale ya vuguvugu. Uvuvi umezuiwa Medes tangu 1983, hivyo chewa wakubwa hawaogopi watu. Watazame bila kuwalisha wala kushika miamba. Baada ya kuzamia mara moja, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege.