Maswali ya Wasomaji: Kodi ya Nyumba Iliyolimbikizwa

SWALI: Nimepanga nyumba hii kwa miaka minne. Mshahara wangu ulipopunguzwa nilianza kulipa kodi kidogo kidogo, na sasa ninadaiwa miezi miwili na nusu. Msimamizi wa nyumba amenipa siku saba nilipe yote, la sivyo atafunga mlango kwa kufuli lake. Tena kila ninapopeleka chochote ananiambia kimekwenda kwenye faini. Nifanye nini?
Mpangaji mwenye wasiwasi

JIBU: Mwandikie msimamizi leo, umwombe mchanganuo wa deni mwezi kwa mwezi: kodi iliyotakiwa, kiasi ulicholipa, tarehe na salio. Ulinganishe na stakabadhi zako au ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu. Wapangaji na wasimamizi wengi hugombana juu ya kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiandika, na kila mmoja huapa kwamba anakikumbuka vizuri.

Kuhusu faini, fungua mkataba wako. Ikiwa mkataba hautaji faini ya kuchelewa, msimamizi hana msingi wa kuibuni baada ya deni kuingia. Na ikiwa unaitaja, hana ruhusa ya kuzidisha kiwango kilichoandikwa humo. Kisha kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui: katika mifumo mingi ya sheria, mdaiwa mwenye madeni kadhaa kwa mtu mmoja ana haki ya kusema, wakati uleule anapolipa, ni deni lipi analolilipa, ingawa mara nyingi riba na gharama hutangulizwa, na mkataba pia unaweza kupanga vingine. Akinyamaza, mara nyingi uamuzi humwangukia anayepokea. Kwa hiyo kila unapolipa andika, hata kwa ujumbe mfupi, kwamba fedha hizo ni kodi ya mwezi fulani.

Baada ya hapo peleka pendekezo unaloweza kulitimiza. Ukilipa kodi ya kila mwezi kwa ukamilifu pamoja na robo ya kodi juu yake, deni lako litakwisha katika miezi kumi. Msimamizi atasema miezi kumi ni mingi, na pengine mtakutana kwenye sita au saba. Lakini usikubali kiasi kitakachokushinda mwezi wa pili kwa sababu tu unaona haya kukataa, kwani makubaliano yaliyovunjwa mapema humfanya mwenye nyumba akuone si mtu wa kuaminiwa, na hapo hatasikiliza pendekezo jingine. Yakiafikiwa, yaandikwe na yatiwe saini na mtu mwenye mamlaka ya kukubali kwa niaba ya mwenye nyumba.

Nikija kwenye kufuli, katika nchi nyingi mpangaji wa makazi haondolewi ila kwa amri ya mahakama au baraza lenye mamlaka hayo, hata kama deni ni la kweli kabisa. Kubadilisha kufuli, kukata maji au umeme na kutoa vyombo nje ni kujichukulia sheria mkononi. Hata hivyo usilifanye jambo hili kuwa kinga: deni linabaki palepale, na notisi iliyotolewa kwa utaratibu ikipuuzwa, hatua inayofuata ni mahakamani. Muulize mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe muda wa notisi unaotambuliwa huko uliko.

SWALI: Mpangaji wangu ananionyesha stakabadhi za miezi mitatu alizopewa na msimamizi niliyemwajiri mimi mwenyewe. Fedha hizo hazijanifikia. Je, nimdai mpangaji?
Mwenye nyumba

JIBU: Hapana. Ikiwa ulimpa msimamizi mamlaka ya kupokea kodi kwa niaba yako, basi mpangaji aliyemlipa amekulipa wewe, na fedha iliyopotelea njiani ni shauri kati yako na msimamizi wako. Najua jibu hili linauma. Lakini kumtumia notisi mtu aliyekwisha kulipa kutakugeuza wewe kuwa mkosaji.

Mdai msimamizi hesabu kamili kwa maandishi, ukimwekea tarehe. Ukiamua kumwondoa, waarifu wapangaji wote kwa maandishi siku hiyohiyo na uwaeleze watakapolipa, maana mpangaji ambaye hakuarifiwa na akaendelea kumlipa kwa nia njema kwa kawaida hulindwa. Huyo atakayefuata, mwandikie kwenye mkataba kwamba kodi haichanganywi na fedha zake binafsi na kwamba atakuletea taarifa ya kila nyumba kila mwezi, ikitaja waliolipa, waliochelewa na siku walizochelewa. Mwenye nyumba anayegundua malimbikizo baada ya miezi mitatu amechelewa karibu sawa na mpangaji wake.

SWALI: Ninahama mwezi ujao. Kwa nini nilipe kodi ya mwisho wakati amana yangu inatosha?
Mpangaji anayehama

JIBU: Kwa sababu amana kwa kawaida huwekwa kwa ajili ya uharibifu na bili zitakazobaki, ambavyo havijulikani mpaka nyumba ikaguliwe. Usipolipa, wewe ni mdaiwa wa kodi kuanzia siku hiyo, amana iwepo isiwepo. Mwombe mwenye nyumba. Akikubali kwa maandishi, hamna tatizo.