Maswali na Majibu: Sumaku ya Sayari Inatoka Wapi?

Je, katikati ya dunia kuna pande la sumaku linalovuta dira? (Nahodha wa jahazi, Mji wa Kale)

Shikamoo nahodha. Pande hilo halipo. Chuma kikipita joto la nyuzi 770 hivi hupoteza usumaku wake, na kiini cha dunia kina maelfu ya nyuzi. Kilichoko huko, kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi, ni bahari ya chuma na nikeli iliyoyeyuka. Inatokota kama mchuzi jikoni: ya moto hupanda, iliyopoa hushuka. Katikati kabisa chuma kinaganda polepole, na kuganda huko huzidisha mchemko. Dunia nayo inazunguka, basi mikondo hiyo hujisokota. Chuma kinachokwenda ndani ya uga wa sumaku, yaani eneo lote linalofikiwa na nguvu ya sumaku, huzaa umeme, na umeme huo hurudi kuulisha uga uleule. Dainamo ya baiskeli hufungwa sumaku na fundi. Dainamo hii ya dunia hujitengenezea yake, maadamu chuma kinakwenda. Nimelisoma jambo hili miaka mingi na bado linanistaajabisha.

Zuhura inakaribiana na dunia kwa ukubwa. Mbona haina uga wake? (Mwanafunzi, Kisauni)

Umeuliza penyewe, mwanangu. Wengi hujibu kwamba inazunguka polepole, siku zetu 243 kwa mzunguko mmoja. Mimi siridhiki na jibu hilo peke yake. Zito zaidi ni joto: kiini kisipopoa kwa kasi ya kutosha, chuma chake hakitokoti, hata kikiwa majimaji. Gamba la dunia limegawanyika mabamba yanayozama na kuipoza sayari kwa ndani. Zuhura haina mpangilio huo. Mirihi iliwahi kuwa na uga, ukazimika yapata miaka bilioni 4 iliyopita. Miamba yake ya kusini bado ina usumaku wa enzi hizo.

Mshtarii ni gesi. Uga wake watoka wapi? (Mfanyabiashara, Kongowea)

Dada yangu, ndani kule haidrojeni imebanwa mpaka ikawa majimaji yanayopitisha umeme kama metali. Ndiyo maana uga wake unazishinda sayari zote.

Ni kweli kaskazini na kusini hubadilishana? (Dereva wa tuktuk, Nyali)

Kweli, na imetokea mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa miaka 780,000 hivi iliyopita. Ila mageuzi hayo huchukua maelfu ya miaka. Nahodha wetu hatalala sindano ikielekea upande wa Lamu, akaamka ikielekea Tanga.