Re: Gari la zimamoto la Uingereza, nitajuaje la mwaka gani?

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, una picha mbili zisizo na tarehe, na unataka kujua mwaka wa gari na urefu wa ngazi iliyo juu.

Anza na namba. Kibao cha mbele ni cheupe, cha nyuma cha njano, usidhani ni magari mawili. Ikiwa ni herufi mbili, tarakimu mbili, kisha herufi tatu, limesajiliwa kuanzia Septemba 2001. Tarakimu ndizo zinazosema: 07 ni Machi hadi Agosti 2007, na 57 (unaongeza 50) ni Septemba 2007 hadi Februari 2008. Herufi moja ikiwa mwanzoni, ni kati ya Agosti 1983 na Agosti 2001. Ikiwa mwishoni, rudi nyuma zaidi, 1963 hadi 1983. Namba za Ireland ya Kaskazini, zenye I au Z, hazifuati utaratibu huu, achana nazo.

Ngazi usiipime kwa macho, picha hudanganya sana. Tafuta nguzo mbili ndefu za kuegemeza zilizofungwa ubavuni mwa ngazi. Zikiwepo, karibu hakika ni ya mita 13.5. Zisipokuwepo, huenda ni ya 10.5 au 9. Ile yenye kulabu kichwani ni ya kupandia paa tu.

Picha yako ya pili kibao kimefunikwa na mtu, hiyo sikisii. Na kama gari limeshaletwa huku likapewa namba mpya, soma bamba la chesisi.