Joka lilimkinga au joka alimkinga?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nawatafsiria wanangu visa vya kale vya Kibuddha. Nimekwama kwa Mucalinda, mfalme wa naga, wale nyoka wa ajabu, aliyemkinga Buddha na mvua. Naga nimwite joka au jini? Niandike "joka lilimkinga" au "joka alimkinga"? Tena kuna ubeti nimeutafsiri "kama nyoka vitani avumiliavyo mishale", na mke wangu hajaacha kucheka. Nimekosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mkeo ana haki ya kucheka, nitamfikia.

Tuanze na upatanisho. Kanuni ya shuleni unaijua: kiumbe chenye uhai hupelekwa A-WA hata kama jina lake limevaa umbo la ngeli nyingine. Kiboko amezama, kifaru amekasirika. Kwa kanuni hiyo, joka alimkinga. Ila lugha ina mlango wa pili. Ukikuza nyoka akawa joka, au mtu akawa jitu, unaruhusiwa kumtoa katika A-WA na kumtia LI-YA: joka lile, jitu hili. Wahenga walisema "zimwi likujualo halikuli likakwisha". Sijamsikia mtu akisema "zimwi akujuaye". Kwa hiyo LI- si kosa. Ni hukumu: msemaji anaogopa, au anadharau.

Sasa mtazame Mucalinda. Buddha ameketi chini ya mti, majuma machache baada ya kuufikia ukweli, na dhoruba isiyo ya msimu inapiga siku saba. Naga anatoka, anamzungushia mwili wake mara saba, anatanua shingo kama swila na kumfunika kichwa. Mbingu inapotakata anajifungua, anageuka kijana na kusimama mbele yake viganja vimekutana kwa heshima. Kiumbe mwenye adabu kiasi hicho unamwandikia "lili-" kwa kosa gani? Alimkinga.

Neno "joka" lenyewe ningeliacha. Msomaji aliyekulia kanisani akiliona atakumbuka Ufunuo, ambako joka ni Ibilisi. (Na hata huyo watafsiri walimpa A-WA: "Yule joka akatupwa.") "Jini" nalo linapotosha kwa upande mwingine, kwani jini wa Kurani ameumbwa kwa moto, ilhali naga, pamoja na uwezo wake wote, huhesabiwa kati ya wanyama. Kisa kimoja cha kanuni za watawa kinaeleza hilo vizuri. Naga aliyeuchukia unyoka wake alijigeuza kijana, akapokelewa utawani. Usiku usingizi ulipomshika alirudia umbo lake, mapindi yakajaa chumba kizima, na mtawa aliyeishi naye akapiga yowe. Buddha akamwambia hawezi kubaki. Aende azishike siku takatifu ili siku moja azaliwe binadamu. Tangu hapo anayeingia utawani huulizwa: "Wewe ni binadamu?" Na huko Thailand kijana anayesubiri kupokelewa huitwa nak, yaani naga. Mimi huona kama ni kumfariji yule aliyefukuzwa, ingawa hiyo ni hisia yangu tu.

Basi andika naga, na mara ya kwanza ueleze: nyoka mwenye enzi, awezaye kujigeuza mtu. Wingi ni naga vilevile, naga hawa, kama simba na nyoka, "managa" hatuihitaji. Adui yao, yule ndege mkubwa garuda, mfanyie hivyohivyo.

Ukiwa na shaka, sikiliza wasimulizi wa pwani. Katika Jataka, visa vya maisha ya awali ya Buddha, kuna nyani anayemhadaa mamba kwamba moyo wake ameuacha umening'inia mtini. Unguja, katika ngano zilizochapishwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870, mamba amekuwa papa na nyani amekuwa kima, lakini hila ni ileile. Papa yule ana nia ya kuua, na bado anasimuliwa kwa A-WA mwanzo hadi mwisho.

Tumrudie mkeo. Katika Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, nāga ni nyoka na pia ni tembo. Ubeti wako ni wa 320 katika Dhammapada, kitabu cha beti za mafundisho ya Buddha, nao unafungua sura ya 23, na hapo anayesemwa ni tembo: kama tembo vitani avumiliavyo mishale itokayo kwenye upinde, nami nitavumilia matusi. Tazama mazingira yake. Kwenye maji, mapindi na sumu, ni nyoka. Kwenye vita, kamba na pembe, ni tembo. Wala tusiwashangae Wahindi kwa neno moja kubeba viumbe wawili. Hapo Tanga kwenu tembo hutembea porini, na tembo hugemwa mnazini.