Kabla ya Jackie Robinson

SWALI: Nimesoma kuwa Jackie Robinson ndiye Mweusi aliyeifungua ligi kuu ya besiboli Marekani mwaka 1947. Kabla yake hapakuwa na Weusi wenye kiwango hicho? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Walikuwepo, ndugu yangu, tena wengi. Hata mwaka 1884 Mweusi mmoja, Moses Fleetwood Walker, aliichezea timu ya mji wa Toledo katika ligi kuu. Baadaye wenye timu wakaafikiana chini kwa chini kutowasajili Weusi. Ndipo mwaka 1920 Rube Foster akawakutanisha wenye timu za Weusi mjini Kansas City, wakaanzisha ligi yao.

Anayeniuma mimi ni Norman Stearnes, mzaliwa wa Nashville, 1901. Walimwita Turkey, yaani bata mzinga, wengi wakisema ni kwa vile alivyokuwa akipigapiga viwiko akikimbia. Mwaka 1923 alijiunga na Detroit Stars, timu ya ligi hiyo ya Weusi, akapewa eneo la mbali la katikati ya uwanja, kule kunakohitaji miguu, maana mpira uliopigwa juu lazima uudake kabla haujagusa nyasi. Hakuwa na mwili mkubwa. Akisimama kupiga, kwa mkono wa kushoto, mguu wa mbele aliukita kisigino, vidole vikitazama juu. Ukimwona unadhani hajui anachofanya, kumbe misimu kadhaa aliongoza ligi nzima kwa kuuvusha mpira nje ya uzio.

Msimu ukiisha, mshahara nao uliisha. Bingwa huyu alikwenda kufanya kazi katika viwanda vya magari vya Detroit. Na mji huohuo ulikuwa na timu ya ligi kuu, Tigers, iliyokuja kuwa mali ya Walter Briggs, mtengenezaji wa mabodi ya magari. Kiwandani kwake Briggs aliajiri Weusi. Kwenye timu yake hakuchezesha hata mmoja hadi alipofariki mwaka 1952. Tigers walisubiri mpaka 1958. Hilo siwezi kulisoma nikatulia.

Robinson alipoingia, Stearnes alikuwa na miaka 45, ameshatundika gongo. Alifariki mwaka 1979, na Cooperstown, kwenye jumba la magwiji wa besiboli, wakamwingiza mwaka 2000. Mwaka 2024 takwimu za ligi za Weusi zilipounganishwa na za ligi kuu, wastani wake wa kupiga, 0.348 (yaani mapigo yaliyofanikiwa kama 35 katika kila majaribio 100), ulimweka katika kumi bora wa nyakati zote.