Mbio, gitaa, kazi na watoto: kabla hujaacha kimoja, angalia nani analipia saa zako

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu ya waliotangulia. Kwa atakayeingia sasa hivi: jamaa ameajiriwa, ana watoto wawili wadogo, anajiandaa na Kilimanjaro Marathon, zile mbio za Moshi, na usiku anajifunza gitaa. Mkewe amechoka, kazini anasinzia, na anauliza aache mbio au aache gitaa, anunue viatu gani, na akimbie kilomita 42 au 21. Wengi humu wamemjibu, "Amka saa kumi alfajiri, ukitaka utaweza." Ushauri huo siukubali.

Nijitambulishe kidogo ili ujue naongea kutoka wapi. Naishi Kimara, nafanya uhasibu kwenye kampuni moja katikati ya jiji, tuna watoto watatu, mke wangu ni muuguzi wa zamu. Nakimbia, kilomita 21 ndiyo saizi yangu, na natunga mashairi ya kimapokeo, yale ya vina na mizani (mizani ni hesabu ya silabi). Nimekwenda na vyote viwili kwa miaka kadhaa sasa.

Turudi kwenye hiyo saa kumi. Watu wanaizungumzia alfajiri kama vile haina mwenyewe. Dar hii basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu, mitaa mingine hata kabla ya hapo. Na kabla ya basi kuna mtoto wa kuamshwa mara tatu, kuna maji ya kuoga, chai, sare, soksi ambayo jana usiku zilikuwa mbili na leo ni moja, daftari la hisabati halionekani. Wewe ukiwa barabarani unakula upepo, kazi hiyo haijafutika. Kuna mtu anaifanya. Ni mkeo, au ni dada wa kazi, au bibi yao kama mnaishi naye. Kwa hiyo kabla hujajiuliza utapata wapi muda, jiulize saa unayokimbia analipa nani, na je, aliulizwa?

Hapo niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kumwachia dada wa kazi asubuhi nzima halafu ukatangaza mtandaoni kwamba umeweza "kubalansi", hujabalansi chochote. Umeajiri mtu akubebee, kwa mshahara tunaoujua wote ulivyo.

Kwetu mambo yalikaa sawa tulipoanza kupanga kwa kutumia ratiba ya zamu ya mke wangu. Ikitoka mwisho wa mwezi tunaibandika kwenye mlango wa friji, tunakaa na kalamu. Akiwa zamu ya usiku, asubuhi hiyo mbio hakuna, watoto ni wangu mpaka basi lipite. Akiwa zamu ya mchana au akiwa na mapumziko, naweza kutoka. Siku tulipopanga hivyo mara ya kwanza aliniambia, "Sawa Baba Salma, wewe kimbia. Lakini na mimi nina pa kukimbilia." Kumbe alitaka Jumamosi alasiri yote iwe yake: kikoba chao, cherehani yake, au kulala tu mlango umefungwa. Na sharti juu yake: nisimpigie simu kuuliza chumvi iko wapi. Mkuu, nakuhakikishia manung'uniko mengi ya nyumbani hayahusu mbio zako. Yanahusu kwamba wewe una kitu chako na mwenzako hana.

Sasa usiku. Wewe unapiga gitaa mpaka saa sita, halafu unataka kuamka saa kumi. Ukikopa usiku na ukakopa alfajiri, anayelipa ni usingizi, na usingizi ukichoka kulipa unakwenda kudai ofisini. Ndiyo hiyo sinzia bosi anayoiona. Kanuni yangu ni moja tu, na hii sivunji: nikitunga usiku, kesho yake sikimbii alfajiri. Nikipanga kukimbia alfajiri, daftari linafungwa saa tatu na nusu, hata kama ubeti umebaki mshororo mmoja.

Kwa bahati mbio si lazima ziwe za alfajiri. Hili watu wa Dar tunalisahau kwa sababu ya joto. Mimi jioni mbili kwa wiki sipandi basi la mwendokasi mpaka Kimara. Napanda Posta nikiwa nimeshabadili nguo ofisini, nashuka Ubungo, kisha nakimbia kupita Kibo, Baruti, Korogwe, mpaka Kimara Mwisho. Ni kilomita kadhaa, na sehemu kubwa ni kupanda, kwa hiyo ni mazoezi hasa. Faida yake ni kwamba muda ule ningeutumia vilevile nimesimama ndani ya basi, kwapa la mtu puani. Nyumbani nafika nimechelewa kidogo tu kuliko siku ya kawaida. Laptopu huwa naiacha kazini siku hizo. Kibegi kinabeba simu, funguo na kadi ya basi, suruali ya kazi nitaikuta kesho. Angalizo: ile njia ya waenda kwa miguu pembeni ya barabara, bodaboda wameifanya yao, na giza likiingia wengine hawawashi taa. Vaa fulana inayong'aa, usiweke vipokea sauti masikioni.

Unaweza kuuliza, mashairi yanaingia wapi? Yanaingia humohumo. Shairi la kawaida lina mizani kumi na sita kwa mshororo, nane upande mmoja na nane upande wa pili. Mguu ukishatulia kwenye mwendo wake, kuhesabu nane ni rahisi kuliko ukiwa mezani. Hii mishororo ilinijia pale mlimani:

Kimara nakupandia, jasho linanidondoka,
Boda wananipitia, honi zao zanicheka.

Si kazi ya kushindania tuzo, lakini ilianza ubeti. Nikifika nyumbani, kabla sijaoga, nairekodi kwa sauti kwenye simu, maana maji ya kuoga yana tabia ya kuondoka na vina. Na kuna faida ambayo sikuitegemea. Walimu wa mbio wanasema mazoezi mengi yawe ya pole, uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Mimi kipimo changu ni mizani. Nikiona nane inakuwa saba, halafu sita, najua nimekwenda kasi kuliko nilivyopanga, napunguza. Wenye saa za bei mbaya mkononi watanicheka, ni sawa.

Wewe una gitaa, hutalipiga ukikimbia. Lakini gitaa lina kitu ambacho mbio hazina: familia inaweza kuwepo chumbani. Ndiyo maana naona umelipanga vibaya. Unalificha usiku, wakati watoto wamelala na unalazimika kupiga kwa kunong'ona, halafu saa za jioni watoto wakiwa macho uko kwenye simu unabishana mambo ya Simba na Yanga. (Usikatae, nimeona machapisho yako na saa zake.) Lihamishe. Baada ya chakula, kaa nao sebuleni, piga. Watoto ni wasikilizaji wasio na huruma, watataka wimbo uleule urudiwe mpaka uuchukie, na mazoezi ya gitaa ni kurudia huko huko. Dakika ishirini za namna hiyo kila jioni zitakupeleka mbali kuliko saa mbili za usiku wa manane. Na hazitoki kwenye mfuko wa mtu.

Kazini pia kuna kalenda, na sisi wahasibu tunaijua kwa uchungu. Mwisho wa mwezi kufunga hesabu, tarehe 7 makato ya PAYE (kodi ya mishahara), tarehe 20 ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Siku za kuelekea tarehe hizo sijipangii mbio ndefu wala sijiahidi shairi. Natembea tu, nalala. Kila kazi ina milima yake. Yako wewe hukuieleza, ila nina hakika unaijua. Ichore kwenye kalenda kwanza, mazoezi yaje kujaza mabonde. Wengi hupakua programu ya wiki kumi na sita kutoka intaneti, iliyoandikwa na mtu asiyejua kama kuna VAT duniani, halafu wanajiona wazembe wakiikosa wiki ya tatu. Kwa 21, mbio tatu kwa wiki zinatosha, moja ikiwa ndefu na inayoongezeka kidogo kidogo. Zaidi ya hapo ni ziada.

Mwanajukwaa mmoja hapo juu ameandika kwamba sanaa ni ya wasio na kazi. Ndugu yangu, gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923 lilikuwa linapokea mashairi ya walimu na makarani, watu wa ofisi kama mimi na wewe. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali, aliingia forodhani Pangani mwaka 1926 na akakaa idara hiyo mpaka 1944. Ushairi wa Kiswahili umebebwa sana na watu waliokuwa na bosi.

Kwenye mbio ni kinyume, na hapo ndipo tunapojiumiza. Alphonce Simbu wetu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya riadha Tokyo, Septemba 2025, kwa muda uleule wa 2:09:48 na Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili, wakatenganishwa kwa picha ya mstari wa mwisho, nami nilipiga kelele sebuleni mpaka mtoto akaamka. Wiki iliyofuata mitaa ilijaa wakimbiaji wapya, jambo jema. Lakini Simbu ni askari wa JWTZ na mwanariadha wa kulipwa. Mbio ndiyo kazi yake, na akimaliza mazoezi kazi yake nyingine ni kupumzika. Wewe ukimaliza unasubiriwa na foleni ya Ubungo. Ukichukua mazoezi ya mtu wa namna ile ukayaweka juu ya ajira na watoto, goti litakujibu kabla ya mkeo.

Kuhusu klabu za jogingi: nina marafiki huko, nawaheshimu, na zimewasaidia watu wengi kiafya. Ila ujue unachojiunga nacho. Mbio ni saa moja. Baada ya hapo kuna mazoezi ya viungo, nyimbo, picha, supu, kikao, mchango wa fulana mpya, mchango wa msiba, na Jumapili ijayo bonanza Kibaha. Unarudi nyumbani saa nane mchana unanukia supu, unasema ulikwenda kukimbia. Mwenye nafasi hiyo aende, urafiki wa klabu ni kitu kikubwa. Mwenye watoto wa umri wa wako nadhani angeenda Jumapili moja kwa mwezi, zilizobaki akimbie peke yake na kurudi.

Tena, usitake vyote viende mbele kwa pamoja mwaka mzima. Mimi kuanzia Novemba mpaka Februari mbio ndizo zinaongoza, kwa sababu mbio za Moshi ni mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Daftari lipo lakini halidai. Masika ikianza, barabara za kwetu zinageuka mito, naacha viatu vikauke na natunga. Miezi hiyo nakimbia kidogo tu, nisisahau. Ramadhani nayo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na miaka hii imeangukia humohumo Februari na Machi. Mwenye kufunga, mbio nyepesi kabla ya futari au baada ya tarawehe, na asitafute rekodi. Kwa gitaa lako nafikiri ingefaa vilevile: sasa hivi liwe la sebuleni tu, ukirudi Moshi ndipo utafute mwalimu.

Viatu umeuliza pia. Mtumba wa soko la Karume unapata vizuri, ila bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, mwachie muuzaji hata akikuapia kwamba ni vya Ulaya.

Na swali lako la mwisho, ukimbie 42 au 21. Kwa maisha uliyoyaeleza, 21. Njia ya Moshi inapanda kuelekea Mweka kabla haijakugeuza urudi mjini, na wa 42 wanaanza kupanda mlima huo miguu ikiwa tayari imetumika kwenye barabara ya tambarare. Sisi tunaotoka pwani tunafanya mazoezi kwenye joto la Desemba na Januari, halafu tunakwenda kukutana na mwinuko. Maandalizi ya 42 yanataka mbio ndefu za saa tatu na zaidi, na siku nzima ya kujikokota baada yake, na siku hiyo ni Jumapili, yaani ni ya nyumbani. Ongea na mama watoto kwanza. Kama umeshalipia 42, waulize waandaaji mapema kama kubadili umbali kunaruhusiwa, na vyumba vya Moshi uvitafute sasa hivi, maana wiki ile hupanda bei na huisha.