Dozi imehakikiwa au imehakikishwa?

Swali: Msomaji wa Nyamagana, Mwanza, anayeandaa fomu za Kiswahili za kitengo cha tiba ya mionzi, anauliza: "Kwenye fomu ya mpango wa dozi tumeandika 'Kipimo kimehakikishwa na…'. Wenzangu wawili wanataka iwe 'kimehakikiwa'. Mwingine anasema neno hilo halipo kabisa. Tuandikeje?"

Jibu: Neno lipo, na ndilo linalotakiwa hapo. Kuhakiki ni kuchunguza jambo ili kujua kama ni la kweli; kauli yake ya kutendwa ni hakikiwa, kama kadiri inavyozaa kadiriwa. Watumishi wa umma wanalijua vizuri: vyeti vyao vilihakikiwa, na mwaka 2017 maelfu wakaondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi. Uhakiki, basi, unaweza kuishia kwenye jibu la "hapana".

Hakikisha haitoi nafasi hiyo. Ukisema umehakikisha mlango umefungwa, mlango umefungwa. Anayetia saini chini ya "kimehakikishwa" anaahidi matokeo, wala hasemi alifanya nini. Kitenzi hiki pia hupenda kufuatwa na sentensi nzima, na mahali pake ni kwenye chumba cha mashine: "Hakikisha ngozi ya mgonjwa iko sentimita 80 kutoka kwenye chanzo cha mionzi." Kwa mashine ambayo chanzo chake ni kobalti-60, metali inayotoa mionzi, iliyopangwa kwa umbali huo, ukimweka kwenye sentimita 82, dozi inapungua kwa karibu asilimia 5.

Kinachonisumbua zaidi kwenye mstari wenu ni "kipimo". Neno hili linabeba kiasi cha dawa, kifaa cha kupimia, namba iliyosomwa kwenye kifaa, hata uchunguzi wa maabara. Mtu anaweza kuandika "kipimo kilionyesha kipimo kidogo kuliko kipimo kilichopangwa" na asikosee sarufi hata kidogo! Kiasi cha mionzi kiiteni dozi, mkitaja grei, kizio cha dozi hiyo: kwa mfano grei 50 kwa vipindi 25, yaani grei 2 kila kipindi. Kifaa kiiteni kwa jina lake.

Huko Mwanza tofauti hiyo si ya mapambo. Mji uko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Chemba ya ioni, kifaa cha kupimia mionzi, ikiwa wazi kwa hewa hushika hewa pungufu, na kwa mionzi ileile na joto lilelile itatoa namba pungufu kwa takriban asilimia 13 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Namba hiyo bado si dozi. Inakuwa dozi baada ya kusahihishwa kwa joto na mgandamizo wa hewa. Mtaalamu wa fizikia tiba akisahau, ataona mashine inatoa kidogo, ataongeza muda, na mgonjwa atazidishiwa kwa karibu asilimia 15. Tena mgandamizo usomwe kwenye baromita ya chumbani. Ule wa taarifa za hali ya hewa kwa kawaida umeshageuzwa kuwa wa usawa wa bahari, nao utarudisha kosa lilelile kwa mlango wa nyuma.

Kukokotoa na kupima navyo visichanganywe. Programu ya mpango hukokotoa. Chemba ndani ya maji hupima. Kuhakiki ni kulinganisha, na kunahitaji mkokotoo wa pili wa mtu mwingine kwa njia nyingine. Kurudia programu ileile yenye takwimu zilezile kutaleta kosa lilelile, likiwa limepambwa kwa desimali. Kosa la kawaida ni nguvu ya chanzo iliyopitwa na wakati: kobalti-60 hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, na jedwali la mwaka jana halijui hilo. Kwa mashine yenyewe tumieni kukagua, na thibitisha ibaki kwa daktari anayeidhinisha mpango.

Ningeandika hivi: "Dozi iliyopangwa: grei … Dozi iliyokokotolewa upya: grei … Tofauti: asilimia … Imehakikiwa na … tarehe … Imekubaliwa / Imekataliwa." Kikomo cha tofauti kichapwe kwenye fomu yenyewe; vituo vingi havivuki asilimia 5, na kwa mipango rahisi hubana zaidi.